Anayeuguza na Mwenye Simu

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mwenyekiti anapoulizia waliokosekana kabla ya sala, huwa kuna mtu anayejibiwa na jirani yake: "Hayupo, anauguza." Jibu hilo linatosha. Hakuna anayeuliza anauguza tangu lini, wala nani anampokea usiku ili apate kulala. Tunaendelea na somo, halafu matangazo ya mchango wa jengo la kigango. Kiswahili kimempa jina muuguzi, aliyesomea kazi na anayelipwa mshahara, lakini huyu mwingine kimemwachia kitenzi tu. Ni mke wa miaka 68 anayemgeuza mume aliyepooza. Ni binti mkubwa aliyefunga genge lake la nyanya mjini akarudi nyumbani. Ni mjukuu wa darasa la sita anayejua kidonge gani ni cha asubuhi na kipi ni cha usiku.

Sisi mafrateri tunaotumwa parokiani wakati wa likizo tunaingia katika nyumba hizi mara kwa mara, hasa katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, ambako wenye nguvu wengi wako Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, na migomba inalindwa na wazee na watoto. Zamani kidogo, kando ya kitanda ungekuta rozari, chupa ya maji ya baraka, na kikapu chenye dawa na daftari la kliniki. Vyote hivyo bado vipo. Vimeongezeka mashine ya kupimia presha, kipima sukari, na simu iliyoegemezwa kwenye kikombe ili mtoto aliye mbali amwone baba yake.

Vifaa hivi ni vizuri na hatuna ugomvi navyo. Tunachotaka kukisema ni kwamba vimegawa kazi ya kuuguza kwa umri, na vimeigawa vibaya: aliye na mgonjwa hana simu, na aliye na simu hana mgonjwa. Katika mgawanyo huo, neno la mwisho limehamia kwa mwenye simu.

Maelezo tunayoyasikia zaidi, mijini na vijijini, ni kwamba wazee hawawezi teknolojia. Husemwa kwa upole na kwa kicheko kidogo, na wazee wenyewe wameshakubali kulisema: "Mimi mambo yenu hayo siyawezi." Hatuamini. Bibi huyohuyo anapokea fedha kwa simu. Huduma hizo zilipoanza nchini mwaka 2008, yeye alikuwa tayari mtu mzima, na hakuna shule iliyomfundisha. Leo anajua kuangalia salio, anakumbuka namba yake ya siri na kuificha hata kwa wajukuu, na anakwambia bila kusita kama uliyemtumia umeweka na ya kutolea. Kitochi chake kidogo anakimudu vizuri kuliko baadhi yetu tunavyomudu Kilatini.

Aliweza kwa nini? Kwa sababu ujumbe ulikuja kwa Kiswahili, jambo lenyewe lilimhusu, na pale senta, chini ya mwavuli, alikaa wakala. Ukikosea unamwendea. Anakuonyesha tena na tena, wala hakucheki, kwa kuwa kukuonyesha ndiyo kazi inayomlisha. Mashine ya presha ilifika nyumbani bila wakala. Ililetwa Desemba na mtoto aliyekuja kula Krismasi, ikafunguliwa sebuleni watu wote wakiangalia, ikaelezwa kwa dakika kumi, na tarehe 2 Januari mwenye kuieleza akapanda basi. Kilichobaki ni kijitabu chenye maandishi madogo, ambacho hakina neno hata moja la Kiswahili.

Hata nchi yetu ina mfano wa huduma ya afya kwa simu iliyoanzia kwa mtumiaji. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kutuma ujumbe mfupi kwa wajawazito, kwa Kiswahili, bila malipo, na simu ya kitochi ilitosha. Hakuna aliyeulizwa umri wala kiwango cha elimu. Anayemuuguza mzee wa presha anastahili kutengenezewa vitu kwa moyo huohuo, na si kudharauliwa kwa sababu kilichotengenezwa hakikumfikiria.

Tukae kidogo kwenye namba, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Mkanda wa presha unataka utaratibu. Mgonjwa akae ametulia kama dakika tano, ameegemea, miguu imekanyaga chini na haikupishanishwa. Mkono uwe wazi bila nguo, umelazwa mezani usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa kahawa, asiwe amebanwa na mkojo, na asizungumze. Sasa tazameni inavyofanyika nyumbani. Simu inaita kutoka mjini: "Mpimeni baba sasa hivi, nataka kumpigia daktari." Baba anaamshwa, anainuliwa, mkanda unafungwa juu ya sweta kwa sababu kuna baridi, na wakati hewa inajaa yeye anamjibu mwanawe anayemsalimu kwenye simu. Namba inayotoka hapo haina maana kubwa. Lakini inapigwa picha, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na ndugu sita walioko miji mitano wanaanza kuijadili. Mmoja anasema dozi iongezwe. Mwingine ameona 118 kwa 76 juzi na anasema presha imepona, dawa zipumzishwe. Hajui kwamba ilikuwa nzuri kwa sababu dawa zilikuwa zikinywewa.

Kwenye sukari jambo ni zito zaidi. Zahanati na hospitali zetu husoma sukari kwa milimoli kwa lita. Mashine zinazouzwa Marekani husoma kwa miligramu kwa desilita, na namba moja ya kwetu ni karibu 18 za kule. Kwa hiyo 5.5 kwenye mashine ya hapa ni sukari nzuri, lakini 55 kwenye mashine iliyoletwa na mtoto kutoka Marekani ni sukari iliyoshuka hadi pa hatari. Bibi asiyeona vizuri hatofautishi nukta. Mtoto wa kule anayesomewa "saba" kwa simu hushtuka, kumbe hiyo ni kama 126 kwa hesabu yake. Tumeona pia mashine nzuri, ya bei kubwa, imekaa kabatini kama sanamu kwa sababu vijiti vyake vya kupimia havipatikani katika duka lolote la dawa wilayani. Kila mashine na vijiti vyake, na hilo halisemwi siku ya zawadi.

Anayeuguza, kwa upande wake, ana maarifa yasiyoingia kwenye picha. Anajua kwamba mumewe akianza kutokwa jasho jingi asubuhi, mikono ikatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyopangika, basi sukari imeshuka, na humpa maji yenye sukari kabla mtu yeyote hajatafuta mashine. Anajua kuwa mama hali chakula siku anayosikia watoto wakigombana kwenye simu. Anajua kidonda cha mguuni kilianza na kiatu kipi. Maarifa hayo muuguzi yeyote mwenye uzoefu angeyaomba. Ukienda kliniki na mgonjwa wa sukari, swali la kwanza huwa anakula nini, anaendeleaje. Mwenye jibu ni yule aliyekaa naye, ambaye siku hizi mara nyingi anakatishwa na anayeinua simu kuonyesha namba za wiki.

Hatusemi namba hazina kazi. Presha ni ugonjwa wa kimya. Jicho la mke aliyeishi naye miaka 40 haliwezi kuona 180 kwa 110, na wengi wamepooza wakiwa wanajisikia vizuri jana yake. Hapo kijana anayesisitiza kupima ana haki kabisa, na bibi anayesema "mimi nikimtazama tu najua" anaweza kumpoteza mgonjwa wake. Kila kizazi kina kitu ambacho mwenzake hana. Kinachotusikitisha ni kwamba wanakutana kwenye kundi la WhatsApp, mahali ambapo upande mmoja tu ndio wenye bando.

Kuna jambo jingine ambalo familia hazilisemi wazi. Picha ya mashine imekuwa risiti. Mtoto anatuma fedha za dawa na chakula cha mgonjwa kila mwezi, hayupo kuona, na anataka kujua kama zimefanya kazi. Namba zikipanda, swali la kwanza ni: "Hela niliyotuma ilinunua nini?" Tumewakuta akina mama waliokuwa wakipima mara nne, wakatuma ile iliyo nzuri, si kwa kumdanganya daktari bali kwa kuogopa kikao cha ukoo. Kipimo kilichochukuliwa kwa hofu ya namna hiyo hakimsaidii mtu.

Wasomaji wanaojua Kitabu cha Tobiti watakumbuka kwamba ugomvi huu ni wa kale. Tobiti alipopofuka, mke wake Ana ndiye aliyefuma kwa ujira ili waishi. Siku moja waajiri wakamwongezea mwanambuzi juu ya malipo yake, na mume, asiyeona, akashuku kuwa ameibwa. Yule aliyekuwa akimlisha ndiye aliyeshukiwa. Baadaye kijana Tobia anarudi kutoka safari ya mbali akiwa na dawa, maelekezo ameyapata njiani kwa Rafaeli. Sisi huhubiri sana juu ya dawa hiyo na malaika. Tunamsahau Ana, ambaye miaka yote hiyo alikuwa nyumbani na mgonjwa. Na tunasahau pia kwamba Tobia hakuagiza dawa ifike kwa mkono wa mtu mwingine. Aliingia ndani, akamshika baba yake, akampaka machoni mwenyewe.

Tuseme sasa juu ya wadogo, ambao ndio hutajwa mwisho. Katika nyumba nyingi anayejua kuwasha mashine na kusoma kipimo ni mtoto wa miaka 11 au 13. Watu humsifu: "Huyu ndiye daktari wetu." Sifa hiyo ina uzito usiolingana na mabega yake. Anachelewa shule kwa sababu kipimo cha asubuhi kinamsubiri. Ndiye anayesoma ujumbe wa hospitali na kujua kabla ya bibi yake kwamba majibu si mazuri, kisha anatakiwa ayatamke. Akisoma vibaya, akapewa lawama, nani atamwondolea? Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi mema, na kwetu hakuna anayelipinga hilo. Kumfanya awe mlango pekee wa habari za ugonjwa ni jambo jingine.

Vijana wakubwa wana jaribu lao. Kijana wa chuo anayeitwa kumsaidia shangazi huuliza simu yake kabla ya kuuliza zahanati, na siku hizi huiuliza programu za akili unde zinazojibu kwa ufasaha mkubwa hata pale zinapokosea. Anasoma dalili tatu, anapata ugonjwa, anapendekeza dozi. Na wazee wana lao: ujumbe wa sauti unaosambazwa kwamba majani fulani yamemaliza sukari kabisa, umetumwa na mtu wanayemheshimu, pengine wa parokiani. Tukiwa wakweli, uzushi wa kizazi kimoja na wa kizazi kingine unapitia njia ileile. Januari 2025 Idara mbili za Vatikani, ya Mafundisho Tanzu ya Imani na ya Utamaduni na Elimu, zilitoa hati *Antiqua et Nova* juu ya akili unde, na sehemu yake inayohusu afya inasisitiza kwamba chombo hicho kisichukue nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Mafrateri wenzetu waisome hati hiyo wakiwa wanafikiria chumba kimoja halisi chenye mgonjwa wanayemjua. Itawasaidia zaidi kuliko kuisomea mtihani.

Neno juu ya picha. Tumeona kwenye kundi la ukoo, na mara nyingine kwenye ukurasa wa mtu binafsi ulio wazi kwa wote, picha ya mzee amelala nusu uchi, mirija mdomoni, na chini yake maombi ya kumwombea. Aliyeituma ni kijana mwenye uchungu wa kweli, na maombi hayo anayataka kwa moyo. Mke wa mgonjwa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifunga mlango kabla ya kumwogesha, hana habari kwamba watu 200 wameshamwona. Kwa kizazi chake, kumsitiri mgonjwa ni sehemu ya kumuuguza. Tunadhani yeye yuko sahihi, na vijana wamsikilize. Na sisi tunaojiandaa kwa upadre tusiwe wa kwanza kuinua simu wakati wa Mpako wa Wagonjwa ili ripoti ya utume ipate picha.

Wapo watakaouliza haya yanahusu nini parokia. Serikali ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, kuna zahanati, kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Kanisa lisali na kutembelea. Tunajibu kwamba Kanisa limeshaweka tarehe. Siku ya Wagonjwa Duniani inaadhimishwa kila 11 Februari tangu mwaka 1993. Siku ya Mababu na Wazee aliianzisha Papa Fransisko mwaka 2021, Dominika ya nne ya Julai. Siku hizo tunafanya misa nzuri, tunagawa kanga, sabuni na sukari. (Kilo mbili za sukari, tena, hadi kwenye nyumba ya mgonjwa wa sukari. Tumebeba mizigo hiyo kwa mikono yetu.) Wanaouguza hawaji kwenye sherehe hizo, kwa sababu wako nyumbani wanauguza.

Jumuiya ndogo ndogo ina kitu ambacho wizara haina: iko mlango wa pili. Inaweza kuwa yule wakala wa chini ya mwavuli. Tunapendekeza VIWAWA wa kila kigango wapate vijana wawili au watatu, watu wazima, siyo watoto wa shule, wafundishwe na muuguzi wa zahanati jinsi ya kupima presha na kusoma sukari, na wapewe nyumba chache za kupita kila wiki kwa mwaka mzima. Waende kukaa. Wamwonyeshe mama huyo mkanda unavyofungwa, na wiki inayofuata wamwonyeshe tena. Waangalie kama mashine inasoma kwa milimoli au kwa miligramu, na waandike kwa kalamu nzito juu ya boksi lake. Mjukuu aende shule.

Na vijana hao waulize kabla ya kueleza. Mama akisema leo hapumui kama jana, hilo liandikwe pembeni ya namba, kwenye daftari la kawaida la mistari lenye tarehe, linalokaa pale kitandani na kwenda kliniki na mgonjwa. Daftari halihitaji bando wala chaji, mwenye kuuguza anaweza kulifungua mwenyewe, na daktari atalisoma. Anayetaka picha huko Dar es Salaam apigiwe picha ya ukurasa mzima, pamoja na maneno. Ukutani iandikwe kwa tarakimu kubwa 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, pamoja na simu ya zahanati iliyo karibu.

Kwa ndugu zetu walioko mijini na ng'ambo, ambao wengi wanasoma gazeti hili na ambao fedha zao ndizo zinazonunua dawa, tuna ombi moja. Kabla ya kununua mashine ya tatu, mnunulieni anayeuguza simu iliyo yake mwenyewe, yenye maandishi makubwa na spika inayosikika, mmwekee na bando, na mwanzishe mazoea ya kumpigia yeye kwanza. Mumuulize mgonjwa anaendeleaje na mumwache amalize kueleza, hata kama ataanzia kwenye ng'ombe. Mtu anayeuguza hukaa siku nzima bila wa kuzungumza naye. Na kikao cha familia kinapoamua juu ya hospitali au dozi, yeye awe wa kwanza kusema, hata kama ni mkwe, hata kama ni msichana wa kazi aliyebaki na mzee baada ya wengine wote kuondoka.

Jambo la mwisho ni la vijana wa kigango watakaopita na mashine. Mkishampima mzee, mkaandika, msiufungue mkanda na kuurudisha kwenye boksi. Mwambieni mama naye akae kwenye kiti, aegemee, atulie dakika tano, kisha mumpime.